Toba Iliyofika Mwaloni

   

Tuko katikati ya Kwaresima, na makanisani neno linalosikika zaidi siku hizi ni toba. Leo nataka tuulizane swali ambalo watu walimuuliza Yohana Mbatizaji kando ya mto Yordani: tufanye nini? Habari hiyo iko katika Injili ya Luka, sura ya 3, kuanzia mstari wa 10. Ukipata nafasi isome tena nyumbani, maana ni kifungu tunachokiruka upesi tukikimbilia ubatizo wa Bwana.

Yohana alikuwa amewakaripia watu vikali, wakaingiwa na hofu. Tazama basi anavyowajibu. Umati anauambia kwamba aliye na nguo ya ziada ampe asiye nayo, na chakula hivyo hivyo. Watoza ushuru anawaambia wasidai zaidi ya kiwango walichopangiwa. Askari anawaambia waache kuwatisha watu ili wapate chochote, waache kuwasingizia, na watosheke na mshahara wao. Hakumwambia mtoza ushuru aache kazi aende jangwani kula nzige na asali. Hakumpangia askari siku za kufunga. Kila mmoja alirudishwa kazini kwake, mahali pale pale alipozoea kukosea, akaambiwa jambo ambalo hata jirani yake angeweza kulihakiki: kiwango cha ushuru, mshahara wa mwezi, nguo ya pili iliyoko kabatini.

Toba ya namna hiyo ina jina la kazi ya mtu, na ina hesabu. Toba yetu sisi mara nyingi haina vyote viwili. Tunatubu kwa jumla. Tunasema sisi ni wakosaji, tunalia, tunaimba, tunarudi nyumbani, na Jumatatu debe ni lile lile.

Hebu tumweke Yohana hapo Mtera, pale barabara ya Dodoma kwenda Iringa inapopita juu ya ukuta wa bwawa. Ni mahali panapomfaa. Bwawa lilijengwa miaka ya 1970, kwanza kwa ajili ya kutunza maji ya Ruaha Mkuu ili mitambo ya Kidatu, kule chini, isikaukiwe wakati wa kiangazi. Kituo cha umeme cha Mtera penyewe, chenye megawati 80, kilianza kazi mwaka 1988. Kabla ya bwawa hii ilikuwa nchi ya ng'ombe, mtama na uwele. Maji yalipojaa, samaki wakaongezeka, na nyuma ya samaki wakaja watu wa kila kabila na kila dhehebu: Waanglikana, Wakatoliki, Walutheri, Wasabato, Wapentekoste, na misikiti nayo ikasimama. Siku hizi mabasi yakisimama, akina mama wanakimbilia madirishani na perege wa kukaanga. Malori ya nafaka nayo yanapita hapo hapo. Kwa hiyo wangemfuata Yohana watu wa biashara mbili, samaki na nafaka, na wote maisha yao yanategemea kipimo.

Nianze na wavuvi.

Wavuvi wa Mtera wanajua mgao. Mwenye mtumbwi na nyavu, yule mnayemwita tajiri, anatoa gharama zake kwanza, kinachobaki kinagawanywa. Sasa, ndugu yangu mvuvi, fahamu kwamba Bwana Yesu alichagua wanafunzi wake wa kwanza kutoka katika mfumo wa kazi unaofanana sana na wako. Luka 5 inasema Yakobo na Yohana walikuwa washirika wa Simoni. Marko 1 inaongeza kwamba walipoondoka kumfuata Yesu, baba yao Zebedayo alibaki chomboni pamoja na vibarua wa mshahara. Palikuwa na ushirika pale, palikuwa na tajiri, palikuwa na vibarua. Na katika Yohana 21, baada ya ufufuo, walipovuta wavu uliojaa, kuna mtu aliyehesabu samaki wale: 153. Wanazuoni wamehangaika karne nyingi kutafuta siri ya namba hiyo. Kila mvuvi anajua kwa nini samaki huhesabiwa. Wanahesabiwa ili wagawanywe.

Basi tajiri Mkristo akiuliza afanye nini, jibu liko Walawi 19:13, na Kumbukumbu la Torati 24:15, na Yakobo 5:4. Ujira wa kibarua usilale kwako mpaka asubuhi. Yakobo anakwenda mbali zaidi: anasema ule mshahara uliozuiwa wenyewe unapiga kelele, na vilio vya wavunaji vimemfikia Bwana wa majeshi. Kuna tajiri anayemkopesha kijana unga, nyavu na pesa ya dawa, kisha kwa deni hilo kijana hawezi tena kuuza samaki wake kwa mtu mwingine yeyote, na bei anapanga tajiri. Mwaka unakwisha, mwingine unaanza, deni halipungui. Kijana huyo hana pingu mkononi, lakini mwaloni pale, ufukweni wanakoshusha samaki, hatoki. Ikiwa wewe ndiye tajiri, na Jumapili unasoma somo kanisani, fungua daftari lako la madeni leo usiku. Liangalie jina moja moja. Jiulize ni lini mtu huyu alikwisha kulipa, nawe ukaendelea kuandika.

Naye mvuvi asiye na tajiri asijifiche nyuma ya umaskini wake. Kumbukumbu la Torati 22, mstari wa 6 na wa 7, kuna sheria ndogo sana: ukikuta kiota njiani, na mama amelalia mayai au makinda, usimchukue mama pamoja na wanawe. Ni sheria kuhusu ndege, lakini msikilize. Perege jike hubeba mayai yake kinywani, na yakianguliwa vifaranga huendelea kukimbilia humo humo kinywani mwa mama. Huzaliana kwenye maji ya kina kifupi karibu na ukingo, na huko ndiko kokoro linakoburuzwa. Anayevuta kokoro, au anayetega nyavu za macho madogo, anamchukua mama na wanawe kwa mvuto mmoja, sawasawa kabisa na jinsi Torati ilivyokataza. Sheria za nchi zinakataza, maofisa wa uvuvi wanachoma nyavu, tunawanung'unikia. Mungu alikwisha kusema zamani, akaambatanisha ahadi kwamba mtu huyo atapata heri na siku zake zitaongezwa, ahadi ile ile aliyoiweka kwa anayewaheshimu baba na mama. Hivi ni wahubiri wangapi mmewahi kuwasikia wakihubiri mstari huo mwaloni? Tunayo mahubiri mia ya Petro kutembea juu ya maji.

Na maji yenyewe! Tangu mwaka 1993 Ruaha Mkuu hukauka kabisa kiangazi katika sehemu zake za juu, ndani ya hifadhi, kwa sababu maji mengi yanachukuliwa Usangu kabla hayajashuka. Mwaka 2006 bwawa lilishuka mno, na nchi nzima ikaingia kwenye mgao wa umeme. Ezekieli 34:18 anawauliza kondoo wanono kama haiwatoshi kunywa maji safi, mpaka wayavuruge kwa miguu yale yanayobaki kwa wenzao. Jirani yako wa chini ya mto huenda usimwone maisha yako yote. Bado ni jirani yako. Nitalirudia jambo hili siku nyingine, linastahili kipindi chake.

Leo niko kwenye kipimo, na sasa nafika kwenye nafaka, ambako moyo wangu unauma zaidi.

Kila mtu hapa anaijua lumbesa. Gunia linajazwa mpaka mdomoni, kisha linaongezwa kipande juu, kinashonwa, kinashindiliwa tena, linatoka gunia lenye shingo na kichwa. Mkulima analipwa bei ya gunia moja. Sheria ya Vipimo imekataza, Wakala wa Vipimo wamekemea, wakuu wa mikoa wamepiga marufuku, na bado yanapita barabarani mchana kweupe. Wengine hawahitaji hata lumbesa: debe la kununulia limegongwa kwa ndani likatanuka, debe la kuuzia limebonyezwa tako likapanda. Mizani ya kuning'inia nayo inachezewa. Mithali 11:1 inasema mizani ya hila ni chukizo kwa Bwana, na tusilipunguze uzito neno hilo. Chukizo ni neno lile lile ambalo Biblia inalitumia kwa sanamu. Mtu mwenye madebe mawili ana miungu miwili ndani ya ghala lake.

Tufanye hesabu pamoja. Gunia la kawaida huku kwetu tunalihesabu debe sita. Mama mmoja mkulima wa mtama ana magunia kumi ya kuuza, na kila gunia, kwa lumbesa, linameza debe moja la ziada. Amepoteza madebe kumi. Debe moja la nafaka ni kama kilo 18. Madebe kumi ni kilo 180. Kaya ya watu sita ikila kilo tatu kwa siku, hiyo ni siku 60 za ugali. Miezi miwili! Na ninyi mnajua ni miezi ipi. Ni Januari na Februari, wakati mtama uko shambani bado mchanga, ghala limefagiliwa, na watoto wanakwenda shule na mlenda mtupu tumboni. Lile kopo la mwisho linaloshindiliwa juu ya gunia mwezi wa Juni linaondoka moja kwa moja kwenye chungu cha mwezi wa Januari. Anayelishindilia haoni, kwa sababu miezi ile yeye yuko mjini.

Kuna mstari mmoja wa Injili ambao watu wa Mtera, kuliko watu wengi duniani, wangepaswa kuuelewa. Luka 6:38. Bwana anazungumza juu ya kipimo kilichojazwa, kikashindiliwa, kikatikiswa, mpaka nafaka ikamwagika. Tunausikia sana wakati wa sadaka: toa, utarudishiwa cha kumwagika. Lakini soma mistari miwili iliyo juu yake. Bwana anafundisha kuhurumia, kutohukumu, kusamehe. Na picha aliyoichukua ni ya sokoni: muuzaji mwema, kwa hiari yake, anashindilia na kutikisa kipimo ili mnunuzi maskini aondoke na zaidi ya alicholipia. Hiyo ndiyo huruma ya Mungu, kipimo kinachojazwa na mwenye nacho kwa ajili ya asiye nacho. Lumbesa ina vitendo vile vile, kujaza, kushindilia na kutikisa, ila mwenye nguvu ndiye anayeshindilia kwa faida yake, na anayemwagikiwa ni yeye tena. Tumekichukua kitendo cha huruma cha Injili, tukakigeuza silaha.

Wakulima nao wasidhani nimewasahau. Mchanga ndani ya ufuta, maji kwenye alizeti ili izidi uzito, samaki wa jana kuchanganywa chini ya wa leo kwenye tenga. Amosi 8 anawataja wafanyabiashara waliokuwa wakiingoja sabato iishe ili wakapunguze efa, waongeze shekeli, na kuuza hata makapi pamoja na ngano. Makapi ya namna hiyo yanatoka pande zote mbili za gunia, kwa anayeuza na kwa anayenunua. Lakini sisawazishi. Mkulima anayeweka mchanga anatenda dhambi, na mwenye lori anayemnyima miezi miwili ya chakula anatenda dhambi, na mzigo wa hizo dhambi mbili haufanani. Amosi mwenyewe alikuwa mtu wa mifugo na mikuyu, alijua nani anaumia.

Najua jibu mtakalonipa, kwa sababu nimelisikia kutoka kwa waumini wazuri, watu wa sala. Wanasema: mwalimu, nikikataa lumbesa, mwenzangu atachukua mzigo, na mimi nina watoto. Hilo si jibu la kupuuza. Mtu mmoja akisimama peke yake kwenye soko bovu anaweza kuanguka kweli. Ndiyo maana nawapeleka kwa Nehemia.

Nehemia, sura ya 5. Kulikuwa na njaa Yerusalemu. Watu wakaweka rehani mashamba yao, mashamba ya mizabibu na nyumba zao ili wapate nafaka. Wengine wakakopa kulipa kodi ya mfalme. Watoto wao wakaanza kuwa watumwa. Na waliowakopesha hawakuwa wageni, walikuwa Wayahudi wenzao, watu wa ibada moja. Ninyi wa Dodoma, nchi ya zabibu na njaa, mnahitaji nani awafafanulie sura hii? Huku kwetu mtu anachukua gunia moja la mahindi mwezi wa Januari kwa makubaliano ya kurudisha magunia mawili au matatu ya mtama wakati wa mavuno. Mwingine anauza shamba likiwa bado kijani, kwa bei ya aibu, kwa sababu mtoto anaumwa. Wazee wetu walisimulia njaa ya Mtunya, ile iliyowapiga Wagogo baada ya majeshi ya Vita Kuu ya Kwanza kupora ng'ombe na nafaka na kuwachukua vijana kuwa wapagazi. Kumbukumbu ya njaa iko ndani ya mifupa ya nchi hii. Kufanya biashara na njaa ya Mgogo ni kugusa kidonda cha vizazi vinne.

Nehemia alikasirika sana. Kisha akafanya mambo ambayo ningependa wachungaji wetu wayaone. Hakuongea na mkopeshaji mmoja mmoja sebuleni. Aliita mkutano mkubwa. Akakiri kwamba yeye na ndugu zake na watumishi wake nao wamekopesha fedha na nafaka, akasema tuache. Akataja vitu kwa majina: mashamba, mizabibu, mizeituni, nyumba, na riba ya fedha, nafaka, divai na mafuta. Akawataka warudishe siku ile ile. Waliposema watarudisha, hakuishia kwenye makofi. Aliwaita makuhani akawaapisha mbele ya watu wote. Kwa hiyo hakuna aliyeweza kusema mwenzangu atanizidi, maana wote waliapa pamoja.

Jambo hilo linawezekana Mtera. Wafanyabiashara Wakristo wa kata moja, wa madhehebu yote, hawafiki mia. Wanajuana. Wakikutanishwa na wachungaji, mapadre na makatekista wao, na masheikh wakialikwa, kwa sababu Kurani nayo inawalaani wapunjao vipimo, wanaweza kukubaliana kununua kwa kilo, kwa mizani iliyohakikiwa na Wakala wa Vipimo, gunia lisilozidi kilo 100. Kijiji kinaweza kuwa na mizani yake mwenyewe, mkulima akapima kabla lori halijafika. Katika mikoa kadhaa ufuta umeanza kuuzwa kwa stakabadhi ghalani kupitia vyama vya ushirika, na lawama zipo, lakini angalau pale kilo ni kilo. Haya si mambo ya siasa yaliyovamia dini. Walawi 19, sura ile ile yenye amri ya kumpenda jirani kama nafsi yako, mistari 18 mbele inataja mizani za haki, mawe ya haki, efa ya haki. Mungu alivisema kwa pumzi moja.

Sasa nije kwenye neno gumu kuliko yote: kurudisha.

Katika karne iliyopita upepo wa uamsho ulivuma Afrika Mashariki. Ulianzia Gahini, Rwanda, na Uganda, miaka ya 1930, kwa watu kama Blasio Kigozi, Simeoni Nsibambi na daktari Mwingereza Joe Church. Ukaingia Ugogo. Dodoma palikuwa na mwalimu kijana kutoka Kigezi, Uganda, aliyefundisha miaka ya 1940 na 1950 katika shule ya Alliance, iliyokuja kuitwa Mazengo, ambapo leo pana Chuo Kikuu cha Mtakatifu Yohana. Jina lake Festo Kivengere. Baadaye akawa askofu wa Kigezi, na mwaka 1977, baada ya Askofu Mkuu Janani Luwum kuuawa, ilibidi auvuke mpaka kwa miguu kuukimbia utawala wa Idi Amin. Kivengere alisimulia kwamba alipookoka, moja ya mambo ya kwanza Mungu aliyomtaka afanye ni kupanda baiskeli safari ndefu kwenda kumwomba radhi Mzungu mmoja ambaye yeye Kivengere alikuwa akimchukia. Ndugu wa uamsho waliijua kanuni hiyo. Mtu aliyeokoka alirudisha jembe la jirani, ng'ombe wa urithi aliowadhulumu, vifaa alivyoiba kazini, kodi aliyokwepa. Watu wasioamini walishangaa, kwa sababu waliuona wokovu ukiwafikia mlangoni ukiwa na kamba ya ng'ombe mkononi.

Nawaheshimu sana wazee wale. Ninasikitika kwamba tulichorithi kwao kwa wingi ni ushuhuda, na kurudisha tumekuacha njiani. Siku hizi mtu anasimama mbele, anasema nilikuwa mwizi, Bwana ameniokoa, kanisa linapiga vigelegele, na aliyeibiwa ameketi benchi la tatu, anapiga makofi naye, hajarudishiwa hata mbuzi.

Biblia haikuacha jambo hili hewani. Hesabu 5:7 inamtaka mkosaji aungame, kisha arudishe chote alichochukua na kuongeza sehemu ya tano. Rudi kwa yule mama wa magunia kumi. Amedhulumiwa madebe kumi, sehemu ya tano ni madebe mawili, jumla madebe 12. Yaani magunia mawili kamili, bila lumbesa. Hiyo ndiyo sura ya toba ya mnunuzi wake: magunia mawili ya mtama yakishushwa mlangoni kwake mchana, watu wakiona. Zakayo wa Luka 19 alipita kiwango hicho mbali. Aliahidi mara nne kwa kila aliyemdhulumu, ile adhabu ambayo Kutoka 22 inampa mwizi wa kondoo. Kwa hesabu ya Zakayo ni madebe 40. Na angalieni, Yesu alisema wokovu umefika nyumba ile baada ya Zakayo kutaja namba.

Wengine mtaniuliza: nimenunua vijiji vingapi, miaka mingapi, nitawajua wapi hao watu? Zakayo naye hakuwajua wote. Ndiyo maana sadaka yake ilikuwa na mafungu mawili. Unaowajua, warudishie kwa jina. Usiowajua, nusu ya mali iende kwa maskini wa mahali ulipochumia. Mwenye lori aliyepata nyumba mjini kutokana na mtama wa vijiji vya Manda na Chipogoro, maskini wake wako Manda na Chipogoro. Kuchangia maspika ya kanisa la mjini hakumalizi deni hilo.

Na kanisa lenyewe? Nisilifiche. Tunapokea magunia kwenye sikukuu ya mavuno bila kuuliza yalivyojazwa. Kwenye harambee tunamketisha mbele tajiri yule yule ambaye kibarua wake, aliyeketi nyuma, hajalipwa tangu mwezi jana. Mathayo 5, Bwana alisema mtu akikumbuka madhabahuni kwamba ndugu yake ana neno juu yake, aiache sadaka pale pale aende wakapatane kwanza. Mchungaji anayeipokea sadaka hiyo haraka haraka amemzuia mtu njiani. Tena tujitazame kama waajiri: mlinzi wa kanisa, katekista, mwalimu wa chekechea ya parokia. Walawi 19:13 haikutuondoa sisi.

Wachungaji na mapadre wangu, nawaomba jambo moja kabla ya Pasaka. Chukueni Luka 3:10 mpaka 14 muihubiri mwaloni na gulioni, siku ya kazi, watu wakiwa na nyavu na madebe yao mikononi. Waacheni waulize, na mwajibu kila mmoja kwa kazi yake.

Nawe ndugu yangu uliyetoa gunia moja mwezi wa Januari na kuandika matatu kwenye daftari, mtama umeanza kukomaa. Usingoje mpaka mavuno. Nenda wiki hii kwa huyo mama, umwambie mbele ya watoto wake kwamba anadaiwa gunia moja tu, la debe sita, na kwamba akivuna atalipima yeye mwenyewe.